Trekta la Bustani Lililotumika: Likague Kwanza, Ufunguo Baadaye

Trekta la mtumba la kukatia nyasi likishashushwa, hamu ya kwanza ni kusikia mlio wake. Vumilia kidogo. Hata kama muuzaji aliliwasha mbele yako, hujui oili iliyomo ina umri gani, hujui kama panya wamejenga kiota chini ya kifuniko cha feni, wala hujui kama swichi ya usalama ya kiti inafanya kazi au imeungwa kwa kipande cha waya. Injini ndogo inayopozwa kwa hewa kwa kawaida haina geji ya joto ya kukuonya, na nyingi hazina hata taa ya oili. Ikikosa oili au hewa inaungua huku bado inanguruma. Ndiyo maana katika mwongozo huu kuwasha injini kunakuja katikati ya kazi, na spea zinanunuliwa baada ya kupima.

Vifaa si vingi: seti ya spana na soketi, bisibisi, plaizi, brashi ya waya, multimita ya kawaida, zile bamba nyembamba za kupimia nafasi, jeki, na stendi imara za kushikilia trekta likiwa juu. Stendi usizikwepe. Jeki inainua tu, haishikilii, na hakuna kazi ya chini ya trekta inayofaa kufanywa likiwa limesimama juu ya jeki peke yake. Tumia simu kupiga picha kila kitu kabla hujakifungua, hasa mikanda na springi za kabureta.

1. Tafuta namba

Trekta lina namba mbili tofauti, na fundi anayezichanganya hurudi na spea isiyoingia. Namba ya trekta lenyewe mara nyingi iko kwenye kibandiko au kibati chini ya kiti. Namba ya injini imegongwa kwenye bati la kifuniko cha feni, au kwenye kofia ya valvu. Kwenye injini za Briggs & Stratton utaona mafungu matatu: modeli, aina, na kodi (msimbo wa tarehe). Kodi inaanza na tarakimu mbili za mwaka wa kutengenezwa, kisha mwezi, kisha siku. Kodi inayoanza na 980512 ni injini ya Mei 1998. Tarakimu za mwanzo za modeli zinaonyesha ukubwa wa injini kwa inchi za ujazo, kwa hiyo injini ya 31 ina takriban sentimita za ujazo (cc) 500. Rangi ya boneti na nguvu za farasi zilizoandikwa ubavuni havikusaidii dukani. Namba ndizo zinazokusaidia, na kwa namba hizo utapata pia kitabu cha mtengenezaji, ambacho kwa vipimo vyote kinashinda mwongozo wowote, huu ukiwemo.

2. Vua kifuniko cha feni

Wengi huruka hatua hii kwa sababu injini inaonekana safi kwa nje. Fungua bolti chache, inua kifuniko, utazame mapezi ya silinda na ya kichwa chake. Nyasi zilizochanganyika na oili hugandamana hapo zikawa kama tofali, na hewa haipiti tena. Injini ya namna hiyo inaweza kuwaka vizuri kabisa dakika kumi za kwanza, kisha ikachoka, ikavuta oili, na mwisho ikaua gasketi ya kichwa. Chokoa uchafu kwa kijiti cha mti na brashi, upulize kwa hewa. Maji ya presha yaweke mbali na kabureta, nyaya na beringi.

Ukiwa hapo, fuata nyaya kwa macho na vidole. Panya hutafuna plastiki na kuacha shaba wazi. Angalia pia oili inatoka wapi: chini ya kofia ya valvu ni gasketi rahisi, lakini ikichuruzika chini kabisa kwenye shafti inayobeba puli, hiyo ni sili ya krenki, na kazi yake ni ya nusu siku. Pinda mipira ya petroli. Ikionyesha nyufa, ibadilishe yote bila kujadili.

3. Oili inasema mengi

Simamisha trekta mahali tambarare, chomoa kijiti cha kupimia, futa, rudisha, chomoa tena. Usiangalie kiwango tu. Nusa.

Oili inayonuka petroli, nyepesi, na imepita alama ya juu, maana yake petroli imevuja kutoka kwenye kabureta ikaingia ndani ya injini. Sindano ya floti (boya dogo linalodhibiti petroli ndani ya kabureta) haifungi. Usiiwashe injini hiyo hata kidogo. Mwaga oili, tengeneza kabureta, ndipo uweke nyingine. Oili yenye rangi ya maziwa ina maji. Oili inayometameta unapoiangalia juani imebeba vumbi la chuma, na hapo ni vema ujue mapema kwamba injini inaweza kuhitaji kufunguliwa kabla hujatumia fedha kwenye viti na tairi.

Oili nyeusi tu si tatizo. Imwage, badilisha na filta kama ipo, weka mpya. Injini nyingi za aina hii hutumia SAE 30 kwenye joto, au 10W-30. Usizidishe, kwa sababu oili iliyozidi hutoa moshi uleule wa injini iliyochoka, na wapo waliofungua injini nzima kwa kosa la nusu lita.

4. Umeme: pima kabla ya kulaumu starta

Anza na betri. Ikiwa imepumzika saa kadhaa bila kuchajiwa, betri nzuri ya volti 12 husoma 12.6 hadi 12.7. Ikisoma 12.2 iko karibu nusu. Chini ya 12 imeisha, na ikiwa imekaa hivyo miezi mingi huenda hairudi tena. Unapofungua, anza na terminali ya hasi, na unapofunga, hasi iwe ya mwisho, ili spana isije ikagusa bodi na kupiga cheche.

Chaji, kisha pima tena huku mtu akizungusha starta. Kwa ajili ya kipimo hiki toa gia, kanyaga breki, na visu viwe vimezimwa. Volti zikishuka chini ya 9.6 hivi, betri ni dhaifu au kuna kitu kinachoizuia injini kuzunguka. Zikibaki juu na starta ikazunguka kwa uvivu, umeme unapotea njiani, na ni rahisi kujua wapi. Weka ncha moja ya multimita kwenye terminali ya hasi ya betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, kisha zungusha starta. Ukiona zaidi ya nusu volti, waya wa ethi, ule wa kutoka hasi ya betri hadi kwenye chuma, ni mbovu, umelegea au umeshika kutu. Fanya hivyohivyo upande wa chanya, kutoka betri hadi kwenye bolti ya starta. Starta nyingi nzima hutupwa kwa sababu ya bolti moja ya ethi iliyoshika rangi na kutu. Ing'oe, piga msasa hadi chuma king'ae, paka grisi, kaza.

Ukisikia mlio wa "tak" mmoja tu, hakikisha kwanza betri na ethi ni nzima, ndipo uishuku solenoidi, yaani swichi ya sumaku inayopeleka umeme kwenye starta. Usiposikia kitu kabisa, tafuta fyuzi, kisha swichi za kiti, breki na visu. Fyuzi iliyoungua irudishie ya ampea zilezile. Mwenye trekta wa zamani akiwa ameweka msumari au waya mahali pa fyuzi, basi kuna mahali nyaya zinagusana, na ni lazima upapate.

5. Petroli iliyolala

Petroli iliyokaa msimu mzima hunuka kama vanishi na kuacha gundi kwenye matundu madogo ya kabureta. Usiichanganye na mpya ukitumaini itapita. Mwaga yote, suuza tangi, badilisha filta ukifuata mshale wa mwelekeo, na kama hakuna valvu ya kufunga petroli kati ya tangi na kabureta, weka moja. Ni kifaa kidogo sana, lakini ndicho kinachozuia ule msiba wa petroli kuingia kwenye oili trekta likiwa limesimama.

Kabla ya kufungua kabureta, washa ufunguo bila kuzungusha starta, usikilize chini ya bakuli lake. Injini nyingi zina solenoidi ndogo hapo inayofungua petroli, na inapaswa kugonga kidogo. Isipogonga, pima kama umeme unaifikia. Kabureta inaweza kuwa nzima kabisa na injini isiwake kwa sababu ya kifaa hicho.

Ikibidi kufungua, toa bakuli, floti, sindano na jeti (kipande chenye tundu dogo linalopitisha petroli). Safisha kwa dawa ya kabureta na upulize kila tundu hadi uone mwanga. Kwa jeti, tumia uzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya wa umeme. Usitumie sindano ya chuma wala keekee, kwa sababu tundu likipanuka hata kidogo injini itakunywa petroli kupita kiasi. Mipira na plastiki zisilale ndani ya dawa. Sindano ya floti yenye mfuo kwenye ncha, badilisha.

Springi za gavana, kifaa kinachodhibiti kasi ya injini, ziache kama zilivyo. Wapo wanaozivuta ili injini iende kasi zaidi. Injini hizi kwa kawaida zimewekewa mwisho wa mizunguko 3,600 hivi kwa dakika, na ukipitisha hapo unaweza kuvunja fimbo inayounganisha pistoni na krenki, au ukatawanya kisu kinachozunguka karibu na miguu ya watu.

6. Cheche, valvu, na starta inayosingiziwa

Chomoa plagi. Rangi ya kahawia nyepesi ni afya. Masizi makavu meusi ni petroli nyingi au filta ya hewa iliyoziba. Unyevu wa oili ni dalili ya ringi, sili za valvu, au gasketi. Weka mpya yenye nafasi iliyoandikwa kwenye kitabu, ambayo kwa injini nyingi ni karibu milimita 0.75.

Kuona kama cheche ipo, tumia kipimo cha cheche, au shikilia plagi kwenye chuma cha injini kwa koleo lenye mpini wa plastiki, mbali na tundu la plagi na mbali na petroli. Ikikosekana, chomoa ule waya mwembamba unaotoka kwenye koili inayotengeneza cheche, ambao kazi yake ni kuzima injini. Cheche ikirudi, koili ni nzima na kosa liko kwenye ufunguo, nyaya au swichi za usalama. Isiporudi, angalia kutu kwenye sumaku ya flaiwili (gurudumu zito la injini) na nafasi kati yake na koili, kwa kawaida karibu milimita 0.25, ndipo ununue koili. Kumbuka kuurudisha waya huo, maana bila huo ufunguo hauzimi injini.

Sasa kuna dalili moja inayowapotosha mafundi wengi. Starta inazungusha injini nusu mzunguko, inagonga ukuta, inasimama. Ukingoja kidogo inasukuma tena. Watu hununua betri, kisha starta, kisha solenoidi, na hali inabaki ileile. Tatizo mara nyingi ni nafasi za valvu. Injini hizi zina kifaa kidogo kwenye kamshafti (shafti inayofungua valvu) kinachoinua valvu kidogo wakati wa kuwasha, ili mgandamizo upungue na starta ipate nafuu. Nafasi ya valvu ikiongezeka kwa uchakavu, kifaa hicho hakiifikii valvu tena, na starta inapambana na mgandamizo wote. Marekebisho yake yanahitaji spana na uvumilivu tu.

Injini iwe baridi. Toa plagi na kofia ya valvu. Zungusha kwa mkono hadi pistoni ifike juu huku valvu zote mbili zimefungwa. Kwenye injini nyingi za Briggs & Stratton unaendelea kidogo hadi pistoni ishuke kama milimita 6, ili kifaa kile kisiguse valvu unapopima. Ingiza bamba kati ya roka (mkono unaosukuma valvu) na shina la valvu. Vipimo vya kawaida ni kati ya milimita 0.10 na 0.15, lakini fuata kitabu cha injini yako. Rekebisha, kaza nati, kisha pima tena, kwa sababu kukaza huwa kunabadilisha nafasi.

Kifaa hichohicho ndicho kinachofanya geji ya mgandamizo idanganye. Kusoma namba ndogo si ushahidi kwamba injini imekufa. Kipimo cha kuaminika ni kuingiza hewa kwenye silinda kupitia tundu la plagi, valvu zikiwa zimefungwa na krenki imeshikiliwa isizunguke, kisha kusikiliza inakotorokea: kwenye eksozi, kwenye kabureta, au kwenye tundu la oili.

Na kama injini inapiga teke nyuma au inalipua kwenye kabureta baada ya kila kitu kuonekana sawa, uliza kama kisu kiliwahi kugonga jiwe au kisiki. Pigo hilo linaweza kukata kii, yaani kipini kinachoishika flaiwili mahali pake, na cheche ikaanza kutoka wakati usio wake.

7. Sasa washa

Fanya nje au mlango ukiwa wazi kabisa, kwa maana moshi wa petroli unaua bila kunuka hatari yake. Fungua choki inapoanza kushika, iache itulie, kisha sikiliza.

Moshi wa buluu unaotoka mwanzoni na kuisha hauhitaji haraka. Ukiendelea, kwanza hakikisha oili haijazidi, kisha fikiria ringi au gasketi ya kichwa. Katika injini za silinda moja zenye valvu juu, gasketi hiyo mara nyingi hupasuka upande wa ndani, kati ya silinda na njia ya fimbo za valvu. Kwa nje huoni kitu, ila injini inavuta oili na kuitapika kupitia bomba la kupumulia. Usikimbilie pistoni mpya kabla ya kuitazama gasketi. Moshi mweusi ni choki iliyokwama au filta chafu. Moshi mweupe mzito si maji ya rejeta, kwani rejeta haipo. Mara nyingi ni oili iliyoingia kwenye silinda trekta lilipolazwa au kuinamishwa, na huisha yenyewe.

Ukiwa na injini kwenye kasi kamili, pima betri. Isome kati ya 13.5 na 14.5. Ikibaki palepale pa mwanzo, chaji haipo, na anza kwa kuangalia kiungo cha waya na ethi ya regyuleta, kifaa kinachodhibiti chaji.

8. Swichi za usalama

Hapa sina subira na mtu yeyote. Ukiinuka kwenye kiti visu vikiwa vinazunguka, injini lazima izime. Starta isizunguke visu vikiwa vimewashwa, wala bila kukanyaga breki. Jaribu kila moja. Ukikuta nyaya zimeunganishwa kuipita swichi, zirudishe zilivyokuwa na ununue swichi mpya kabla ya kununua kitu kingine chochote. Mtoto hukimbilia trekta kwa furaha, na dereva huteleza kwenye mteremko. Swichi ya kiti imewekwa kwa ajili ya dakika hiyo.

9. Visu na mikanda

Vua waya wa plagi kabla mkono haujaenda chini. Kwenye injini ya silinda mbili, vua zote mbili.

Shusha kasha la visu, uligeuze, ukwangue nyasi zilizoganda. Kutu ya juujuu ni ya kawaida. Nyufa kuzunguka mahali beringi za visu zinapofungwa si za kawaida, na zichomelewe kwa bati la nyongeza kabla hazijafika mwisho. Zungusha kila kisu kwa mkono ukisikiliza beringi, kisha kitikise juu na chini. Beringi nzuri inazunguka kimya na haichezi. Puli ndogo za kukazia mkanda zikague vilevile, kwa sababu kelele nyingi zinazodhaniwa ni za injini zinatoka hapo.

Kisu noa kwa kufuata pembe yake ya zamani, kisha kining'inize kwenye msumari kwa tundu la katikati. Upande unaoshuka unolewe zaidi. Kisu kilichopinda au chenye ufa kitupwe, kisinyooshwe. Ukirudisha kasha, upande wa kulia na kushoto uwe sawa, na ncha ya mbele ya kisu iwe chini kuliko ya nyuma kwa milimita chache, vinginevyo nyasi zitakatwa mara mbili na injini italemewa.

Mkanda wenye nyufa au uliong'aa pembeni badilisha kwa ule wa namba yake. Mkanda wa gari wenye urefu uleule hautadumu, kwa sababu wa trekta umetengenezwa kuvumilia kuteleza na kupindwa kinyume kwenye puli.

10. Kinachobaki chini

Kama gia ni za haidrostatiki (zinazosukumwa kwa presha ya oili), kuna fimbo nyuma ya kuachilia magurudumu ili trekta lisukumike. Wengi huisahau ikiwa wazi na kudhani giaboksi imekufa. Likiwa limekaa muda mrefu, toa hewa: injini iwake, fimbo iwe wazi, kanyaga mbele na nyuma mara kadhaa, kisha funga na urudie taratibu. Likiishiwa nguvu baada ya kupata joto, anza na mkanda wa kuendesha na feni ndogo ya giaboksi iliyojaa nyasi. Breki ijaribiwe kwenye mteremko mdogo, si mkubwa.

Usukani ukicheza, tazama meno ya gia yake chini, kisha bushi za ekseli ya mbele. Nipeli zote zipate grisi. Magurudumu ya nyuma yachomoe sasa hata kama hayana shida, upake grisi kwenye shafti, kwa sababu yakishashikana na kutu siku ya pancha itakuwa ya nyundo. Presha ya tairi isome kwenye kitabu, na mara nyingi ni ndogo, karibu 14 mbele na 10 nyuma kwa vipimo vya PSI.

Baada ya kukata nyasi mara ya kwanza, zima, ngoja injini ipoe, kisha pitia tena bolti za visu, nati za eksozi, kiwango cha oili na sehemu ulizofunga wewe mwenyewe. Oili hiyo ya kwanza usiikawize. Imwage baada ya saa tano hivi za kazi, maana imesafisha uchafu wa miaka ya mwenye trekta wa kabla yako. Andika tarehe kwenye kipande cha tepu chini ya boneti.